Jiwe Letu Lilipanda Ndege

Wiki iliyopita binti wa Tatu, mdogo wangu, alikuja kuniaga. Anasafiri na wanawe wawili wadogo kumfuata mumewe aliyeko masomoni ng'ambo, na alikuja na begi zima la vitu vya kuwatulizia watoto ndani ya ndege. Alilimwaga kitandani kwangu ili nimsifu. Kulikuwa na kishikwambi, penseli za rangi, vitabu vya kubandika picha, biskuti za kila umbo, na vitu vidogo vya kuweka masikioni, vya rangi ya waridi.

"Mama mkubwa, hapo kuna kitu nimesahau?"

"Umesahau khanga, karanga na jiwe," nikamjibu.

Alicheka akidhani namtania. Kisha akaona siliangalii begi, naangalia mlangoni, kwa sababu jiwe lenyewe lipo pale. Ndilo linalozuia mlango wa chumba changu usijibamize upepo ukivuma.

Ni jiwe la kawaida, unene wake kama andazi lililoumuka vizuri, na upande mmoja lina alama ya rangi ya bluu iliyofifia. Ukilikuta barabarani hutaliinamia. Mimi nikilishika, hasa likiwa limepigwa jua, hupata harufu ya mafuta ya taa, sabuni ya mche, na ule mchanga wa Kariakoo uliokuwa ukiwaka moto mpaka mtu anaruka ruka kama kuku. Najua jiwe halina harufu. Pua yangu haijui.

Kwa nyie wenzangu wa rika langu sina haja ya kueleza foleni. Mlisimama humo. Kwa huyu binti ilibidi nianze mwanzo. Nilimwambia kwamba sukari ilikuwa haipatikani hivi hivi, wala sabuni, wala unga, na kwamba habari ikivuma kuwa duka la ushirika la mtaani kwetu limeletewa kitu, foleni ilianza kabla jua halijatoka. Mtu hawezi kusimama siku nzima, ana kazi na ana watoto. Kwa hiyo kila nyumba ilikuwa na jiwe lake, au kopo lake, au tofali lake. Unaliweka kwenye mstari, linakushikia nafasi. Jiwe lilikuwa na haki sawa na mtu, mradi mwenyewe awe karibu wa kuitika. Duka likifunguliwa ukaitwa usiitike, jiwe lako linapigwa teke. Balozi wetu wa nyumba kumi ndiye aliyekuwa mwamuzi, na alikuwa hana mchezo.

La kwetu alilipaka baba rangi aliyoleta kutoka bandarini, alikokuwa akifanya kazi kwenye kreni. Nyumba yetu ilikuwa karibu na Mtaa wa Msimbazi, ile ya ukumbi katikati na vyumba huku na huku, sisi tukiwa na viwili. Mama alikuwa na cherehani barazani na hakuweza kuiacha. Hivyo foleni ikawa kazi yangu, na wadogo zangu wakaja pamoja na kazi hiyo: Hamisi, ambaye alikuwa hajaanza shule, na Tatu, aliyekuwa ndiyo kwanza amejua kukimbia na hakutaka kufanya kingine.

Sasa jaribuni nyinyi kumweka Tatu mahali pamoja kutwa nzima bila kishikwambi. Mimi niliweza. Sijisifu, au tuseme najisifu, maana walioniona wamekwisha kupungua, na nani atanisemea?

Mchezo wa kwanza nilifundishwa na mama. Unachukua karanga moja, unaifunga kwenye pembe ya khanga fundo moja, juu yake fundo la pili, juu yake la tatu, mpaka pembe yote inakuwa kifundo kama limau. Mtoto akifungua mpaka mwisho, karanga ni yake. Vidole vya Tatu vilikuwa vidogo na hasira zake kubwa, kwa hiyo karanga moja ilitosha kufika wakati muuza duka anapoanza kufungua makomeo. Mchezo wa pili niliubuni mwenyewe, na ulikuwa wa Hamisi. Mtoto kwenye foleni haoni nyuso, anaona miguu. Basi nilimfundisha kuisoma: huyu mwenye chokaa kwenye kisigino ni fundi mwashi, huyu mwenye magamba ya samaki katoka feri, huyu ndala zake zimelika upande mmoja, ana mzigo anaubeba kila siku bega hilo hilo. Hamisi alikuwa mkali. Watu wazima walikuwa wakija kumnyooshea miguu awapige ramli.

Na cha mwisho kilikuwa hadithi ya fisi aliyepanga foleni ya nyama. Hiyo ilikuwa na sharti lake: haiishi mpaka tufike dirishani. Foleni ikiwa ndefu, fisi anapata ndugu, anapata kesi, anaoa. Kina mama walianza kuniachia na watoto wao, na mistari miwili mitatu ya foleni ikawa imenizunguka ikisikiliza habari za fisi.

Halafu mama akalazwa.

Alikuwa mjamzito, na daktari wa hospitali kuu, kule Upanga, alisema alale kitandani mpaka siku ya kujifungua, asisimame hata kwenda kuchota maji. Siku ya pili shangazi, dada yake baba, akaja kutoka Magomeni na wakakaa ukumbini na baba kutupanga. Mimi nilikuwa pembeni nachambua mchele, na kila mtu anajua mtoto anayechambua mchele hana masikio.

"Mimi nitamchukua Hamisi," alisema shangazi. "Tatu aende Tanga kwa mama yake mdogo. Huyu mkubwa abaki akupikie. Mwenzio akishapona, tutaangalia."

Shangazi hakuwa mtu mbaya. Nyumba yake ilikuwa imejaa na bado alijitolea. Lakini mimi nilisikia maneno yale kama naona jiwe letu likipigwa teke. Niliwajua watoto wa mtaani kwetu waliogawanywa namna hiyo kwa muda tu, na ule muda ukawa ndiyo maisha yao. Wakirudi kututembelea walikuwa wageni, wanaketi kwenye kochi.

"Si twende kwa bibi Mtwara sote?" nikasema.

Walinigeukia kama vile ungo ndio uliosema.

"Masika haya?" shangazi akasema. "Barabara ya kusini imekatika Rufiji, basi gani litapita?"

"Tupande ndege."

Shangazi alicheka mpaka akajifuta macho na pembe ya khanga. "Ndege! Na hao wadogo zako walivyo na makelele? Wakianza kulia huko juu, rubani atageuza ndege awarudishe wote."

Baba naye alitabasamu. Mimi sikutabasamu, kwa sababu nilimwamini. Nilikwisha kuona kwa macho yangu dereva wa basi la mjini akisimamisha gari katikati ya barabara na kumteremsha mlevi aliyekuwa anaimba. Kama dereva wa basi anaweza, rubani mwenye kofia atashindwaje? Niliichukua ile kuwa sheria ya ndege, na niliitunza kichwani.

 Baada ya siku kadhaa baba alirudi kutoka zamu akiwa na tiketi zetu mfukoni mwa ovaroli. Wenzake wa bandarini walikuwa wamechangishana. Akaniita uani peke yangu.

"Nimekupa wadogo zako wote," akasema. "Nimezungumza na watu wa ndege, watawaangalia mpaka bibi yenu awapokee. Lakini ukiona umeshindwa nao, useme. Watarudi, na tutafanya kama alivyosema shangazi yako. Sitakulaumu."

"Sitashindwa, baba."

Yeye alikuwa anazungumzia miezi yote ya kukaa kwa bibi. Mimi nilielewa anazungumzia ndani ya ndege. Tatu akilia, ndege inageuka, na tukiteremka tu pale chini shangazi ameshika mkono wa Hamisi na mtu wa Tanga ameshika wa Tatu. Ndivyo nilivyoiona mimi, na niliiona wazi kabisa.

Kabla ya kuondoka baba alinipeleka kumuaga mama. Wadogo hawakuruhusiwa wodini, wakabaki na baba chini. Muuguzi aliniambia dakika moja tu. Mama alikuwa amelala, miguu imeinuliwa kwa mto, na hilo peke yake lilinitisha, maana sikuwahi kumwona mama amelala mchana. Alivuta khanga aliyojifunika, ile kuukuu ambayo maneno yake yalikwisha kufutika kwa kufuliwa, akanipa.

"Ya mafundo," akasema. "Utawaweza?"

"Kwani kwenye foleni nani huwa anawaweza?"

Alicheka huku ameshika tumbo, na muuguzi akanionyesha mlango. Nilipofika mlangoni mama akasema, "Tangulieni. Nitawafuata." Nilitikisa kichwa kukubali. Hayo maneno niliyazoea. Kila mama kwenye foleni yetu aliyasema akiweka jiwe lake na kukimbilia jikoni. Nilijua mtu akisema hivyo mwenzake anatakiwa afanye nini.

Kwenye uwanja wa ndege, mkaguzi alifungua mfuko wetu mezani. Akatoa nguo, akatoa karanga zilizofungwa kwenye gazeti, akatoa jiwe. Aliligeuza huku na huku.

"Hili la nini, binti?"

"La foleni."

Nyuma yetu watu waliangua kicheko. Yeye hakucheka.

"Huko juu hakuna foleni, mwanangu."

"Na Mtwara je?"

Alifikiri. Akalitazama tena lile jiwe, akalirudisha mfukoni polepole, akaweka nguo za Tatu juu yake. "Nenda nalo," akasema.

Baba alituinamia mmoja mmoja. Alikuwa amevaa ovaroli kwa sababu zamu yake ilikuwa inamsubiri, na alimwambia Hamisi atazame chini ndege ikipaa, ataiona bandari na kreni zake, na moja kati ya hizo baba yupo njiani kuipanda.

Ndani ya ndege kulikuwa na harufu ya marashi ya mtu mzima na viti vilivyopigwa jua. Ilikuwa ndege ya pangaboi, na injini zilipowashwa ilitetemeka na kuunguruma kama mashine ya kusaga unga ya Gerezani. Mimi nilikaa katikati, Hamisi dirishani, Tatu upande wa njia. Mhudumu, dada mrefu mwenye kilemba cha bluu, alitufunga mikanda na kutuletea peremende kwenye sinia. Peremende, nyie! Sinia zima, na yeye anainamisha tu.

"Tunachukua ngapi kwa nyumba?" nikamuuliza.

"Unasemaje, mdogo wangu?"

"Kila nyumba inapata ngapi?"

Alinitazama, akateka gao moja akanimwagia mapajani. Hamisi aliing'ata ya kwanza nusu, ile nusu nyingine akaifunga kwenye pembe ya shati. "Ya mama," akasema.

Ndege ilipaa. Sitaisimulia sana, maana kupaa kila mtu anakujua siku hizi. Nitasema tu kwamba mikono yangu ilifanya kazi. Nilikuwa nimekwisha kufunga karanga ya Tatu, mafundo manane au tisa ya kukaza kwa meno, na yeye amekunja uso anahangaika nayo. Hamisi aliona bandari, akaziona kreni, akampungia baba mkono. Tuliiaga vizuri. Kisha nikampa kazi ya miguu.

Ng'ambo ya njia alikaa bwana mmoja mnene, suti ya mikono mifupi, mkoba wa ngozi mapajani, mtu wa ofisi kubwa bila shaka. Hamisi alivitazama viatu vyake vyeusi vinavyong'aa kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwa sauti ya kumfikia kila mtu: "Huyu hapangi foleni!"

Nilitamani kuingia chini ya kiti. Yule bwana alifungua gazeti lake akalishika juu.

Hapo ndipo masikio ya Tatu yalipoanza kuuma. Aliachia khanga, akashika masikio kwa mikono yote, akafungua kinywa. Nyie mnaojua kilio cha mtoto mnajua kwamba kabla ya sauti kuna kimya kidogo, mtoto anavuta pumzi. Katika kile kimya nilimtia peremende mdomoni, lakini aliitema, na kilio kikatoka. Kilijaa ndege yote. Na wakati huo huo, nawaapia, ndege ikalala upande na kuanza kugeuka.

"Dada!" Hamisi akaita kwa furaha. "Bandari ile imerudi! Kreni za baba hizi hapa tena!"

Nilichungulia. Kweli. Bandari tuliyokwisha kuiaga ilikuwa pale chini tena, na meli zake, na maghala yake. Leo najua ndege ilikuwa inakata kona juu ya bahari ili ishike njia ya kusini. Siku ile nilijua kitu kimoja tu: shangazi alisema kweli, na rubani amemsikia Tatu.

Sikulia. Nataka hilo lijulikane. Nilimnyanyua Tatu, nikamwambia sikioni: fisi amefika dirishani. Hakuwahi kufika dirishani hata siku moja, toka hadithi ianze. Tatu alinyamaza papo hapo, machozi yananing'inia. "Kapata nyama?" akauliza.

"Nyamaza nitakwambia."

Nikafungua mikanda. Kwa kuwa nilikuwa sina mtu wa kunishikia nafasi, nilitoa jiwe nikaliweka kwenye kiti changu, ndala ya Hamisi nikaiweka kwenye chake, ya Tatu kwenye chake. Tukashika njia kuelekea mbele, Tatu mgongoni, Hamisi ameshika gauni langu, sakafu ikiwa imeinama upande. Yule dada mwenye kilemba alitukimbilia.

"Mnakwenda wapi jamani? Rudini mkae!"

"Kwa rubani," nikasema. "Naomba umwambie asirudi. Tatu amenyamaza. Mtazame, amenyamaza."

"Asirudi wapi?"

Ikanitoka yote kwa mkupuo. Kwamba mama kalazwa Upanga, kwamba tukirudi Hamisi anakwenda Magomeni na Tatu anakwenda Tanga na mimi nabaki peke yangu, na kwamba Tatu hakulia sana, masikio tu, na hatalia tena kwa sababu fisi amefika dirishani.  Yule dada alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na yangu. Hakucheka. Angecheka, nadhani nisingekuwa mtu huyu niliye leo.

"Nisubirini hapa," akasema. Akagonga mlango wa mbele, akaingia. Alipotoka, ndege ilikuwa imenyooka.

"Rubani anasema harudi," akatuambia. "Anasema moja kwa moja Mtwara, nyote watatu. Na anamsalimu Tatu."

Nilimshukuru, tukarudi. Na kwenye safu yetu tukamkuta yule bwana mnene amesimama njiani, gazeti kwapani, amejishikiza kwenye kiti. Alikuwa ameinuka ili atazame mafuriko ya masika kwenye dirisha letu, maana lake liliangalia bahari. Viti vitupu vilikuwa vitatu mbele yake, na hakukaa hata kimoja.

"Jiwe la nani hili?" akaniuliza.

"La kwetu, shikamoo."

"Marahaba. Nilipoliona nikaogopa kukaa." Akamgeukia Hamisi. "Na wewe bwana, umesema mimi sipangi foleni. Mke wangu analo la kwake. La kwetu sisi limemeguka pembe." Akainua mguu akageuza kiatu kutuonyesha soli. Juu king'aacho ni ngozi, chini kiraka cha tairi, kimeshonwa kwa mkono. "Hukutazama huku."

Hapo ndege nzima ilicheka, na kicheko chake hakikuwa cha kutucheka. Mama mmoja nyuma akasema la kwao ni tofali na limekwisha kuibiwa. Mwingine akasema yeye ni kopo la maziwa. Bwana mnene alikaa dirishani kwa ruhusa ya Hamisi, tukambana, na miguu ikaanza kuchomoza njiani kutoka kila safu ili isomwe. Hamisi alipatia mwalimu, akapatia mchuuzi wa dagaa. Mimi nilikuwa na deni la fisi, nikalilipa: alipata nyama, lakini akiwa njiani kuipeleka nyumbani akakumbuka ameliacha jiwe lake dukani, kwa hiyo ikabidi arudi. Yule dada mwenye kilemba alikuwa amesimama na sinia tupu, anasikiliza. Hakuna mtoto aliyelia tena mpaka magurudumu yalipogusa Mtwara.

Kwenye ngazi yule dada alinishika bega. "Abiria watu wazima wananisumbua kuliko wewe na kundi lako," akasema. "Nani kakufundisha?"

"Mama," nikasema, na kifua kikanijaa mpaka nikasahau kushuka.

Hapo binti wa Tatu alianza kukusanya vitu vyake kitandani, macho mekundu kidogo, akidhani nimemaliza. Nikamwambia kaa. Ndege imefika, foleni bado.

Bibi alikuwa nje ya uzio, mwavuli mmoja kwa watu wanne, akatupokea kwa vigelegele mvuani. Jioni ya kwanza alitandika mkeka, akaweka sinia la wali na kunde, tukalizunguka. Kati yangu na Tatu niliacha nafasi, nikaweka jiwe. Bibi alilitazama.

"La nini?"

"Mama amesema atatufuata."

Hakuuliza tena. Kuanzia siku ile, kila sinia likitengwa, jiwe lilikaa mahali pake. Wageni wakija wakitaka kulisogeza wapate nafasi, bibi alikuwa anawaambia pale pana mtu. Mimi kazi yangu ilikuwa kuwa karibu, ili nafasi isipotee. Niliwalea wale watoto. Niliwaogesha, nikawafunga karanga, nikampa fisi mke wa pili. Mvua ikakatika, ndege zikipita juu tulitoka nje kuzitazama, na Tatu alianza kuniita mimi mama kwa kujisahau. Nilimsahihisha kila mara. Lakini niliona kwamba sura ya mama inamtoka, na hilo ndilo lililokuwa linanikosesha raha, kwamba nitaleta watoto wote salama, halafu mwenye nafasi aje asijulikane.

Alikuja mchana mmoja tukiwa kwenye sinia. Hakupiga hodi. Alisimama mlangoni amekonda, mabega yametokeza, mtoto mchanga kifuani, na baba nyuma yake na mizigo. Hamisi alipiga kelele akamrukia miguuni, akaanza kumfungulia ile nusu ya peremende iliyokwisha kugandana na uzi. Bibi akashika mdomo. Tatu alijificha nyuma yangu, akanishika gauni, akawa anamchungulia yule mwanamke kama anavyochunguliwa mgeni.

Mama alimwona.  Hakumwita, hakumnyooshea mkono. Alitutazama sote watatu tumezunguka sinia moja, akaona jiwe la bluu lipo katikati yetu, na akafanya kile ambacho kila mama wa Kariakoo hufanya akirudi kwenye mstari alikoacha jiwe lake. Alisimama pembeni ya mkeka na kuuliza kwa sauti, kwa adabu, kama anawauliza majirani:

"Jamani, mimi niko nyuma ya nani?"

 Mimi nilifumba mdomo kwa nguvu zangu zote. Kisha nikasikia gauni langu linaachiwa.

"Nyuma yangu," akasema Tatu.

Mama akaliinua jiwe, akanipa nilishike, akakaa.